Sukari na dialisisi: jinsi ya kuidhibiti bila kujiangusha

Ntaanza na soksi. Mwezi wa tatu tangu nianze dialisisi (kusafishwa damu kwa mashine baada ya figo kushindwa) niliamka asubuhi nikakaa ukingoni mwa kitanda nimeshika soksi mkononi, naiangalia tu, sijui inavaliwa wapi. Jasho linanitiririka shingoni na chumba kina baridi. Mke wangu akaingia, akaniuliza umepima sukari, nikamjibu maneno ambayo mpaka leo ananicheka nayo, akachukua kipimo mwenyewe akanichoma kidole, 41 (namba zangu humu ni za miligramu kwa desilita, hiyo ni kama milimoli 2.3). Na jana yake tu nilikuwa najisifu kwa watu kwamba tangu nianze kusafisha damu sukari imetulia, 95, 102, 88, namba za mtu ambaye hajawahi kuugua, nikajua basi kisukari kinaniaga.

Kumbe hakikuwa kinaniaga chochote. Nilikuwa nachoma dozi ileile ya insulini ya miaka 6 nyuma kwenye mwili ambao sio ule tena.

Kwa hiyo haya ninayoandika hapa ni yale ambayo ningependa mtu aniambie wiki ya kwanza. Mimi sio daktari, ni mgonjwa ambaye amekaa kwenye kile kiti muda mrefu akiuliza maswali mpaka manesi wamemchoka. Dozi yako usiibadilishe kwa kusoma hapa, ila soma ujue cha kumuuliza dokta wako, manake wengi wetu hatuulizi, tunasubiri tuambiwe, na dokta naye ana foleni.

KWANZA ELEWA KWA NINI SUKARI INASHUKA YENYEWE

Figo hazisafishi damu tu. Zinavunja pia insulini. Ile insulini ya kuchoma hasa ndo inategemea figo sana, kwa sababu insulini inayotoka kwenye kongosho inapita kwenye ini kwanza, ini linakula sehemu yake, lakini ya sindano inaingia kwenye damu moja kwa moja na sehemu kubwa inakuja kuvunjwa na figo. Figo zikifa, uniti 10 ulizochoma saa 2 asubuhi bado ziko kazini muda ambao zamani zilikuwa zimeshaisha. Inakaa, inaendelea kuvuta sukari chini taratibu, we hujui.

La pili, figo nzima huwa inatengeneza sukari kidogo ya akiba ukiwa na njaa, inasaidiana na ini. Hiyo nayo imeondoka. La tatu, hamu ya kula. Mtu ambaye sumu zimejaa mwilini hali vizuri, kinywa kina ladha ya chuma, nyama inanuka, anakula vijiko vitatu anasukuma sahani, ila sindano ameshachoma ya sahani nzima.

Ukijumlisha hayo matatu unapata watu wengi ambao insulini yao inatakiwa kupunguzwa, na wengine kuachishwa kabisa. Kanuni ambayo madaktari wengi wanaanzia ni kupunguza dozi karibu robo figo zikiwa zimechoka, na karibu nusu zikiwa zimefikia mwisho, halafu wanarekebisha kwa kuangalia namba zako. Mimi nilitoka uniti 38 kwa siku nikaishia 16. Kuna jamaa tunakaa viti jirani yeye hachomi kabisa sasa hivi, na bado ana kisukari, macho yake na miguu yake bado vinahitaji kuangaliwa kama kawaida. Namba nzuri hapo haimaanishi umepona.

Kuna upande wa pili pia niuseme ili usichanganyikiwe. Sumu zikiwa nyingi mwilini zinaufanya mwili uwe mkaidi kwa insulini, sukari inapanda. Ukianza dialisisi sumu zinapungua, ukaidi unapungua, sukari inashuka. Ndo maana miezi ya kwanza ya mashine ndo yenye hatari zaidi, kila kitu kinabadilika kwa pamoja na dozi yako imebaki palepale.

BEBA DAWA ZAKO ZOTE UKAMWAGE MEZANI

Nasema zote, hata zile za zamani zilizobaki kwenye droo. Weka kwenye mfuko, nenda nazo, zimwage mbele ya dokta au mfamasia umuulize moja moja: hii bado ni yangu?

Metformin haitakiwi ukiwa kwenye dialisisi. Inarundikana na inaweza kuleta asidi mbaya kwenye damu. Kuna watu wanaendelea kuimeza kwa sababu hakuna aliyewaambia waache, cheti kinajirudia tu kila mwezi.

Glibenclamide hiyo ndo adui mkubwa, tena ni ya bei rahisi na iko kila mahali. Mabaki yake nayo yanashusha sukari na yanatolewa na figo, kwa hiyo ukiimeza huna figo inaweza kukushusha leo, ukanywa sukari ukainuka, ikakushusha tena usiku, na kesho yake. Mtu aliyeshushwa na hii anywe sukari, ila asilale akidhani yamekwisha, huyo anatakiwa kuangaliwa hospitali. Glimepiride nayo wengi wanaikwepa. Katika kundi hilo glipizide ndo inaonekana salama zaidi kwa sababu ini ndo linaimaliza.

Linagliptin haihitaji kupunguzwa dozi hata bila figo. Sitagliptin inatumika ila kwa dozi ndogo, miligramu 25. Zile dawa mpya zinazotoa sukari kwa njia ya mkojo, empagliflozin, dapagliflozin, kama mkojo hautoki zitaitolea wapi? Kwa kushusha sukari hazikusaidii. Pioglitazone inabakiza maji mwilini na sisi maji ndo shida yetu namba moja.

Halafu dawa za presha. Zile zinazopunguza mapigo ya moyo, zinazoishia na "olol", zinaficha dalili za sukari kushuka. Moyo haukimbii, mikono haitetemeki, unabaki na jasho tu. Kama unazitumia usiziache, ila jua kwamba jasho lisilo na sababu ndo kengele yako ya pekee. Na ukiwa na kisukari cha miaka mingi hata hilo jasho linaweza lisije, neva zimechoka, unaanza tu kuongea vitu havieleweki. Au kushangaa soksi.

KIPIMO CHA MIEZI 3 KINAWEZA KUKUDANGANYA

HbA1c, kile kipimo cha wastani wa miezi 3, kinasoma sukari iliyoshikamana na chembe nyekundu za damu. Kinafanya kazi vizuri kwa mtu ambaye chembe zake zinaishi siku zao zote, kama 120 hivi. Sasa sisi chembe zetu zinakufa mapema, tunachomwa sindano ya kuongeza damu ambayo inaleta chembe changa ambazo hazijakaa na sukari muda wowote, na wakati mwingine tunaongezewa damu ya mtu mwingine kabisa. Matokeo yake namba inatoka ndogo kuliko hali halisi. Nilishawahi kupata asilimia 6.1 wiki mbili baada ya kuongezewa chupa mbili za damu, dokta kijana akanipongeza, nesi mkongwe akacheka akasema hiyo ni sukari ya aliyetoa damu. Alikuwa anatania ila alikuwa amegusa penyewe.

Haimaanishi usipime. Pima, iangalie inavyokwenda, ila usiamue dozi kwa hiyo peke yake, na kama umechoma sindano mpya ya damu au umeongezewa damu, mkumbushe dokta. Wengi wanalenga 7 mpaka 8 kwa mtu wa dialisisi, wala sio 6.5 tuliyokuwa tunakimbizana nayo zamani. Mtu mzima zaidi, anayeishi peke yake, anayeshuka mara kwa mara, anaachiwa juu kidogo zaidi, na hapo dokta hajakukatia tamaa, anakukinga usianguke.

Kinachobeba ukweli wetu ni kidole. Na kidole nacho kina mambo yake:

Nawa mikono kwa maji na sabuni, kausha. Ukipima umetoka kumenya tunda unapima tunda.

Tumia mkono usio na fistula (ule mshipa uliotengenezwa kwa upasuaji kwa ajili ya sindano za mashine). Hata sindano ya insulini usichome kwenye mkono wa fistula, na kama unavaa kile kisensa cha ngozini nacho kiende upande wa pili.

Damu ikiwa pungufu, glukomita nyingi zinasoma juu kuliko ukweli. Yaani ukiwa na upungufu mkubwa wa damu na kipimo kinasema 85, inawezekana kabisa uko chini ya hapo. Kwa hiyo ukiona 85 na una kizunguzungu usikitegemee kipimo, kula kitu.

Na hili sasa ni kwa wale wa dialisisi ya tumbo tu (wanaosafisha damu kwa kuweka maji maalumu tumboni badala ya kupitisha damu kwenye mashine), lisome mara mbili. Kuna maji ya kwenye tumbo yanaitwa icodextrin. Yakiingia mwilini yanavunjika kuwa maltosi, na kuna aina za stripu (vile vijiti vya kupimia sukari) ambazo haziwezi kutofautisha maltosi na glukosi, zinakusomea 250 wakati we uko 60. Mtu anachoma insulini ya 250. Watu wamekufa hivyo, na mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari rasmi juu ya stripu za aina hiyo. Uliza: stripu hizi zinasoma glukosi peke yake? Kama jibu halieleweki tafuta zingine. Na athari inaendelea siku kadhaa hata baada ya kuacha hayo maji, kwa hiyo ukilazwa sehemu nyingine ambako hawakujui, waambie kabla hawajakugusa na kipimo chao.

Kupima mara ngapi? Unayechoma insulini, kabla ya kula na kabla ya kulala, na siku ya mashine ongeza: kabla ya kuunganishwa, katikati ukijisikia tofauti, baada ya kutolewa, na kabla ya kulala usiku ule. Stripu haziokotwi najua, basi zikiwa chache zibane siku nyingine ila siku ya mashine usizibanie.

SIKU YA MASHINE, SAA KWA SAA

Damu inapopita kwenye ule mrija mnene wa plastiki inapishana na maji ya mashine, na maji hayo mara nyingi yana sukari ya kama 100, milimoli 5.5. Kuna vituo vinatumia 200. Sukari inatembea kutoka palipo nyingi kwenda palipo chache, kwa hiyo kama umeingia na 280 itavutwa kushuka kuelekea kule. Kama umeingia na 90 na insulini ya asubuhi inafanya kazi, hujala, hapo ndo unaanza kuona dari inasogea.

Uliza kituo chako maji yao yana sukari kiasi gani. Swali dogo tu, nesi atakujibu kwa dakika moja. Ukiambiwa hayana sukari kabisa, basi uwe mwangalifu mara mbili.

Ninavyofanya mimi siku ya zamu ya asubuhi. Nikiamka napima. Nakula, sikubali kwenda tumbo tupu hata nikichelewa gari, nakula mkate na mayai mawili, naacha chai nyingi kwa sababu ya maji. Insulini ya asubuhi siku ya mashine dokta wangu amenipunguzia, ni ndogo kuliko siku za kawaida, na hiyo iliandikwa kwenye karatasi kwa namba, siku ya mashine hivi, siku isiyo ya mashine hivi. Dai karatasi kama hiyo. "Punguza kidogo" sio dozi, kidogo ya nani?

Nikifika napima tena kabla ya sindano za fistula. Nikiwa chini ya 126, milimoli 7, nakula kitu pale pale mwanzoni, gramu 20 mpaka 30 za wanga unaokwenda taratibu, mfano biskuti kavu chache au kipande cha mkate. Kama kituo chako hakiruhusu kula ukiwa umeunganishwa (wengine presha inaporomoka wakila, damu inakimbilia tumboni) basi kula kabla hujakaa. Nikiwa na 150 mpaka 200 nakaa kwa amani.

Saa ya pili na ya tatu ndo zangu mimi. Miayo. Sio ya usingizi, miayo ya kufuatana, halafu sauti za watu zinakuwa kama zinatoka chumba cha pili. Tatizo ni kwamba presha ikishuka nayo dalili ni hizohizo, jasho, kizunguzungu, kichefuchefu, na nesi mara nyingi anakimbilia presha kwanza, anainua miguu yako, anaongeza maji. Sema kwa mdomo: nipime na sukari. Usione aibu kumsumbua mtu, kidole ni sekunde tano. Ukishuka pale kwenye kiti una bahati, wanakupitishia glukosi moja kwa moja kwenye mrija.

Baada ya kutolewa mambo yanakuwa ya pande mbili na hapa ndo watu wanachanganyikiwa sana. Mashine inapunguza insulini iliyoko kwenye damu pia, inanasa kwenye ule mrija wa kusafishia, mwili umepata misukosuko, halafu we umetoka una njaa ya saa 4 unakula kama umetoka kufunga, jioni unapima 310. Unaingiwa na hasira unajichoma uniti 10 za kurekebisha. Lakini mwili uliosafishwa unaitikia insulini vizuri zaidi, na insulini hiyo haivunjwi haraka. Saa 9 usiku uko 50 umelala peke yako. Mimi hayo yamenikuta mara mbili kabla sijajifunza. Sindano ya kurekebisha usirundike, kama umechoma ya chakula saa 1 jioni usiongeze nyingine saa 3 eti haijashuka. Kwetu insulini ya haraka sio ya haraka tena, ina mkia mrefu. Na kabla ya kulala siku ya mashine mimi nikiona chini ya 120 nakula kitu kidogo kwanza.

IKISHUKA

Chini ya 70, milimoli 3.9, unatibu hata kama unajisikia mzima. Chini ya 54 ni dharura ndogo. Kanuni inajulikana, gramu 15 za sukari ya haraka, subiri dakika 15, pima, rudia kama bado. Shida ni kwamba vitu ambavyo kila mtu atakukimbizia ndo vile ambavyo figo zako zimekukataza. Juisi ya machungwa imejaa potasiamu. Soda nyeusi ina fosforasi. Glasi nzima ya kitu chochote ni maji ambayo itabidi mashine iyatoe keshokutwa. Chokoleti ina mafuta yanayochelewesha sukari na ina potasiamu na fosforasi juu yake, mbaya kotekote.

Tumia vidonge vya glukosi kama unavipata, hesabu gramu zilizoandikwa kwenye pakiti. Kama huna, sukari ya kawaida vijiko 3 mpaka 4 vya chai vilivyokorogwa kwenye maji kidogo tu, robo kikombe inatosha. Au kijiko kimoja kikubwa cha asali. Au soda nyeupe nusu glasi. Juisi ya tofaa nusu kikombe inakubalika pia. Ikishapanda, kula kitu cha wanga na protini kidogo ili isirudi chini, na sisi inarudi kweli, kwa sababu insulini bado ipo imekaa.

Ila sikiliza, kama nyumba nzima kuna juisi ya machungwa tu na mtu yuko 38, mpe juisi. Potasiamu tutaongea baadaye.

Aliyepoteza fahamu usimtie kitu mdomoni kabisa, mlaze ubavu, kama mna sindano ya glukagoni (homoni inayopandisha sukari) mchome, ita msaada. Wafundishe wa nyumbani kabla, sio siku hiyo. Mke wangu anajua, mwanangu wa miaka 11 anajua, hata jirani anajua asali iko kabati gani.

IKIPANDA, HAIFANYI KAMA ZAMANI

Zamani sukari ikipanda nilikuwa nakojoa usiku kucha. Figo nzima ina mlango wa dharura, sukari ikipita kama 180 inaanza kumwagwa kwenye mkojo. Sisi tusiokojoa mlango huo umefungwa. Sukari inaweza kufika 500, 600, na mtu amekaa anaangalia mpira, hana dalili zaidi ya kiu.

Hiyo kiu ndo uiogope. Sukari inavuta maji kutoka kwenye seli kuyaleta kwenye damu, kinywa kinakauka, unakunywa, na unachokunywa hakitoki, lita moja ni kilo moja. Ukiona umekuja kwenye mashine na kilo 4 za ziada na unaapa hujala chumvi, angalia daftari lako la sukari wikendi nzima. Mimi kilo zangu zilipungua kwa kurekebisha sukari kabla sijarekebisha glasi. Watu wanakemewa sana kuhusu maji na hakuna anayewauliza kiu inatoka wapi.

Na kuna potasiamu. Insulini ndo inayoisukuma potasiamu iingie kwenye seli, ikikosekana na sukari ikiwa juu sana potasiamu inatoka nje inajaa kwenye damu, moyo unaweza kupiga hovyo. Kwa hiyo sukari ya juu sana pamoja na miguu kukosa nguvu au moyo kurukaruka hiyo ni kwenda hospitali, sio kusubiri zamu ya keshokutwa. Na wa kisukari aina ya kwanza akitapika na kupumua kwa kina naye aende, asidi ya ketoni inatupata hata sisi.

Ukifika huko cha kwanza sema: mimi niko kwenye dialisisi, sikojoi. Kwa sababu tiba ya kawaida ya sukari ya juu ni kutundikiwa maji lita kwa lita, na we hayo maji yataishia kwenye mapafu. Kwetu dawa ni insulini kidogokidogo kwa uangalizi.

Sukari ikipanda ghafla siku tatu nne na hujabadilisha chakula, tafuta maambukizi. Angalia mrija wa shingoni kama unao, fistula, kati ya vidole vya miguu, jino.

CHAKULA KWA UFUPI

Nasema kwa ufupi kwa sababu kila mtu vipimo vyake ni tofauti na mtaalamu wa lishe ndo anatakiwa akae na matokeo yako ya damu. Kubwa la kujua ni kwamba masharti yamegeuka. Kabla ya dialisisi labda uliambiwa upunguze nyama, sasa unaambiwa ule, kwa sababu mashine inapoteza protini, lengo ni gramu 1 mpaka 1.2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Wa kilo 70 hiyo ni gramu 70 mpaka 84, na yai moja lina kama 6, kwa hiyo fanya hesabu uone ulivyo mbali. Protini pia inasaidia sukari isiruke.

Wanga usiukate kabisa, ugawe. Kiasi kinachofanana kila mlo, saa zinazofanana. Viazi vikate vidogo vichemshe maji mengi umwage yale maji, potasiamu inapungua. Dawa ya kufunga fosforasi meza pamoja na chakula, sio saa moja baadaye.

Kama tumbo lako ni zito, unashiba kwa vijiko vichache, chakula cha mchana unakicheulia jioni, mwambie dokta. Kisukari kinachosha neva za tumbo, chakula kinakaa hakishuki, insulini inafika mapema kuliko sukari. Hapo wengi wanaruhusiwa kuchoma ile ya haraka baada ya kula, kwa kiasi walichokula kweli. Kwangu hilo tu liliondoa nusu ya kushuka kwangu kwa mchana.

WA DIALISISI YA TUMBO

Kwenu mambo ni kinyume, sukari inaingia badala ya kutoka. Mfuko wa lita 2 wa asilimia 1.5 una gramu 30 za sukari. Wa 2.5 una 50. Ule mkali wa 4.25 una 85. Ukikaa nao saa 4 mpaka 6 mwili unanyonya asilimia 60 mpaka 80. Mtu wa mifuko minne ya 1.5 kwa siku ameweka tumboni gramu 120, amenyonya labda 70 mpaka 95, kabla hajagusa kijiko. Akibadilisha mmoja tu akaweka mkali kwa sababu miguu imevimba, sukari ya siku hiyo itaruka, na hakuna alichokosea kwenye chakula.

Kwa hiyo andika kwenye daftari ni mfuko gani, saa ngapi, na sukari ilikuwa ngapi baada yake. Wa mashine ya usiku (inayobadilisha maji ya tumboni ukiwa umelala) wanahitaji insulini inayofanya kazi usiku, na siku ambayo mashine imegoma au umeruka, ile insulini ya usiku usichome dozi kamili, sukari ya kuilisha haijaingia. Muulize dokta mapema dozi ya usiku usio na mashine ni ngapi. Chumvi punguza ili kiu ipungue ili usihitaji mifuko mikali, inaanzia huko. Icodextrin inasaidia kupunguza sukari inayoingia, ila rudi juu ukasome ile habari ya stripu.

DAFTARI

Langu lina mistari mitano tu kwa siku: sukari, insulini niliyochoma, kilo, nilichokula kwa maneno matatu, na kama ni siku ya mashine naweka duara. Baada ya wiki mbili duara zilionyesha kitu ambacho hakuna kipimo cha maabara kilionyesha, kwamba nashuka usiku wa duara na napanda Jumapili jioni, mwisho wa ule mwanya mrefu wa siku mbili bila mashine. Dokta aliangalia kama dakika moja hivi, akabadilisha namba mbili kwenye karatasi yangu, akaniambia nirudi nalo baada ya wiki mbili nyingine.